Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Mimi ndiye niliyeula ule ukurasa.
Si mimi hasa, ni mashine yangu,
lakini mashine ya mtu ni mkono wake, na duka ni langu:
Bondeni, mlango wa buluu, fotokopi, lamineti, picha za pasipoti.

Somoe Shallo alikuja saa kumi na moja jioni,
sare ya ofisi ya forodha, viatu mkononi,
karatasi mia mbili na kitu zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Upande mmoja orodha za makontena: mchele, matairi, mitumba.
Upande wa pili, kwa wino mwekundu,
kreni za Kilindini zinaamka usiku,
zinakunja magoti, zinakunywa maji ya bandari,
na msichana mmoja, Nargisi, miaka kumi na sita, hana kivuli,
anazifuata kwa miguu.

"Nitolee nakala hamsini. Nitalipa mwisho wa mwezi."
Kwani wachapishaji wamekwisha? nikamuuliza.
Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kulia.

Nairobi walimwambia: Mafunzo yako wapi?
Kijana hasomi ila atakachotahiniwa.
Tia sura moja ya dawa za kulevya,
muue mtu kwa sindano, tutaona.
Mamake naye: Miaka ishirini na tisa bado uko paukwa?
Pakawa lini, mwanangu?

Basi nikatoa. Stima ikapotea, ikarudi,
mashine ikatafuna, nikavuta vipande, nikaendelea.
Sikuhesabu. Nani huhesabu?
Mia na kumi na mbili inaishia Nargisi ameshika mguu wa kreni,
na kreni imeinama imuulize jambo.
Mia na kumi na nne inaanza:
*Ndiyo, akajibu, na hakulia tena.*

Wiki ya tatu wakaanza kuja.
Wasichana wa Tononoka, wawili wa Mikindani,
kijana wa Likoni aliyevuka feri kwa hilo tu:
Mzee, kreni ilimuuliza nini?
(Nina miaka arobaini. Hiyo "mzee" niliimeza.)
Somoe alikesha akiukumbuka, wapi.
Maneno yale, alisema, yamekwenda na stima.

Wakaandika wenyewe.
Kurasa za daftari, zimebandikwa kwa gundi ya ugali:
*Utarudi kwenu?*
*Ukipewa kivuli cha mwengine utakitaka?*
Yule wa Likoni: *Unamjua mamako kabla hajawa mamako?*
Na katoto ka darasa la nne, kwa penseli:
*Umekula?*
Nilizitoa nakala zote bure. Ndiyo kafara yangu.

Leo vitabu ni vinne.
Nairobi wale wale walipiga simu, sauti zimelainika kama tambi za sukari.
Jalada lina herufi za dhahabu,
na mrabaha wa mwaka hauvuki hata daraja la Nyali,
kwa hivyo Jumatatu utamkuta forodhani, anagonga mihuri.
Lakini mia na kumi na tatu aliiacha nyeupe.
Mhariri alikasirika: Watadhani ni kosa la kiwanda.
Ni kosa la kiwanda, Somoe akasema,
kiwanda kiko Bondeni, kina mlango wa buluu.

Sasa sikiliza, hili sijamwambia mtu.
Mwezi jana fundi aliifungua mashine,
akatoa, huko ndani kabisa kwenye rola, kijipande
kikavu kama ganda la kitunguu.
Mchele, gunia mia sita, upande mmoja.
Upande wa pili, wekundu uliofifia,
maneno mawili na alama ya kuuliza.

Nimekitia lamineti. Kiko kwenye droo, chini ya risiti.
Somoe hupita, hutoa nakala ya kitambulisho, shilingi kumi,
huitazama droo kama anayejua,
au ni roho yangu tu.

Msichana ameingia sasa hivi,
kitabu kipya kwapani, kidole kwenye ule weupe.
Kabla hajafungua mdomo
nimemwuzia kalamu.